Tuonyeshwe Faili Kabla ya Dipoziti: Ilani ya Wapangaji wa Nairobi

Sisi tunaopanga nyumba Nairobi tunalipa kwanza, tunajua baadaye. Tunatoa dipoziti ya mwezi mzima, kodi ya mwezi wa kwanza, dipoziti ya maji na ya stima, na ada ya ajenti aliyetupandisha ngazi kutuonyesha chumba. Tunaulizwa kitambulisho, mahali tunapofanya kazi, idadi ya watoto, na nambari ya simu ya jamaa atakayetafutwa tukichelewesha kodi. Kuhusu jengo lenyewe hatuambiwi kitu. Hatuambiwi kama orofa tulizozipanda ndizo zilizoidhinishwa na kaunti, wala nani aliyezipigia hesabu nguzo zinazozibeba, wala kama kuna mkaguzi aliyewahi kusimama pale chini akaandika kwamba humu wasikae watu.

Leo tunaanzisha harakati ya wapangaji yenye dai moja: mtu yeyote anayetaka kupanga nyumba katika jiji hili aione rekodi ya usalama ya jengo kabla hajatoa hata shilingi. Hatuiombi serikali ianze kazi isiyojulikana. Sehemu kubwa ya rekodi hiyo ipo. Imeandikwa na maafisa wanaolipwa kwa ushuru wetu, ikawekwa mahali ambapo anayeihitaji zaidi hafiki.

Tunaanza na Huruma, kwa sababu huko ndiko wengi wetu tulikojifunza kwamba msiba wa mpangaji huweza kuandikwa mapema. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la orofa sita liliporomoka na kuua takriban watu 50. Waokoaji walichimba kifusi siku nyingi. Baada ya saa 80 hivi walimtoa mtoto mchanga akiwa hai, na nchi nzima ikamfurahia kama wa kwake. Kisha maafisa wakaanza kusema. Walisema jengo lile, lililosimama kando ya mto, lilikuwa tayari miongoni mwa majengo yaliyotajwa kubomolewa. Mwaka mmoja nyuma, 2015, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ameagiza majengo yakaguliwe baada ya mengine kuanguka. Kwa hiyo alikuwapo mtu aliyelitazama jengo lile kwa jicho la kitaalamu akaona litakakoishia. Alichokiona hakikumzuia mwenye jengo kuendelea kupangisha vyumba, wala hakikusimama mlangoni mpangaji alipokuwa akihesabu noti za dipoziti.

Ukaguzi ule ulituachia takwimu moja iliyotangazwa sana: Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ilisema asilimia 58 ya majengo ya Nairobi hayafai kukaliwa. Magazeti yaliandika, redio zikasoma, wabunge wakaipigia kelele. Lakini asilimia haina anwani. Anayeishi Kayole au Zimmerman hupata hofu tu kutoka katika takwimu kama hiyo. Haimwambii kama analala katika nusu mbaya au katika nusu nzuri, wala kama akihamia jengo la pili kutoka hapo atakuwa amejiokoa au amejipeleka pabaya zaidi. Ili asilimia ile ipatikane, ilibidi majengo yatazamwe moja moja. Majina ya majengo hayo ndiyo tunayoyataka, si jumla yake.

Hatari yenyewe si nguzo na kuta pekee. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori lililobeba gesi lililipuka Mradi, Embakasi. Moto ukavamia nyumba za watu, ukaua, ukajeruhi mamia. Asubuhi Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli ilieleza kwamba mwaka uliotangulia ilikuwa imepokea maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo, ikayakataa mara tatu, na wingi wa makazi yaliyozunguka eneo hilo ulikuwa miongoni mwa sababu. Tunaomba kila msomaji alitafakari hili. Ofisi ya umma ilikataa mara tatu, ikiona kwamba watu wa hapa wako karibu mno na hatari. Barua za kukataa zilikwenda kwa mwombaji. Wale waliotajwa ndani yake kama sababu, waliokuwa wakilala ng'ambo ya ukuta, hawakupata nakala.

Na pale ambapo habari ya hatari huwafikia watu mapema, maisha huokoka. Juni 2017, jengo la orofa saba liliporomoka usiku huko Kware, Embakasi. Walikuwapo waliokufa, na tunawalilia. Lakini nyufa zilikuwa zimeonekana, na wakazi wengi walikuwa wamekwisha kuondolewa. Jengo refu la watu wengi lilianguka bila kuwa Huruma ya pili, na tofauti ilikuwa kwamba wengi walijua wakatoka. Desemba 2019 jengo jingine likaporomoka Tassia. Novemba 2022 yakaanguka majengo Kasarani na Ruaka, siku mbili tu zikipita kati yake. Kila mara viongozi walifika wakiwa na kofia za ujenzi, wakaahidi ukaguzi, na kila mara ukaguzi ukiwapo, matokeo yake yaliishia ofisini.

Tunasema wazi kwamba tunachokidai ni haki iliyokwisha kutolewa. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 43 kinataja haki ya makazi yanayofaa. Kifungu cha 46 kinamlinda anayenunua bidhaa au huduma, na kinasema ana haki ya kupata habari zitakazomwezesha kufaidika nayo kikamilifu. Na sisi tunaolipa kila mwezi ni wanunuzi kama wengine. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Kupata Habari. Sheria hiyo inaruhusu ombi kuandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Haitozi ada ya kuwasilisha ombi. Sababu anayoitoa mwombaji, au kukosa kwake kuitoa, haimwondolei haki. Ofisi ya umma hupewa siku 21 za kujibu, na ikiwa habari inahusu uhai wa mtu, saa 48. Ikikataa au ikinyamaza, kuna Tume ya Haki ya Utawala ya kupokea malalamiko.

Mbona basi hatujaitumia? Wengine wamesema wapangaji ni wajinga wa sheria, au ni wavivu. Tunalikataa neno hilo kabisa. Sheria haitumiki kwa sababu saa yake na saa ya mpangaji hazikutani.

Mtazameni anayetafuta nyumba. Amepewa notisi, au kodi imepanda, au amepata kazi upande wa pili wa jiji. Anatafuta Jumamosi mchana na Jumapili baada ya ibada, kwa sababu siku nyingine yuko kazini. Anazunguka Pipeline au Githurai akisoma vibao vya "vyumba vipo", anapanda orofa ya tano, anatazama choo, anafungua mfereji kuona kama maji yatatoka, anauliza kama stima ni ya tokeni. Ajenti anamwambia yuko mwingine aliyekwisha kukitazama chumba hiki na anakuja jioni na pesa. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Hana njia ya kujua. Mwisho wa mwezi ni keshokutwa, vitu vimefungwa, mkokoteni umesemwa. Mtu huyo akiandika barua ya kuomba faili ya jengo akangoja siku 21, chumba kitakuwa kimekwenda na yeye atakuwa amelala nje na watoto. Hata saa 48 ni nyingi kwake. Haki aliyopewa ni ya mtu mwenye nafasi ya kungoja, na anayepanga bedsita hana nafasi hiyo.

Hapo ndipo harakati hii inapopata kazi yake. Ombi ambalo mtu mmoja hawezi kulifanya siku ya kutafuta nyumba linaweza kufanywa na watu wengi miezi kadhaa kabla, kwa ajili ya mtu asiyelijua jengo wala asiyejua bado kwamba atahama. Tutaomba rekodi za mtaa mzima, jengo kwa jengo, wakati hakuna anayebanwa na mwisho wa mwezi. Tutakachopata tutakiweka wazi, kwa Kiswahili kinachoeleweka, mahali ambapo mtu aliyesimama mbele ya lango akiwa na simu atakipata kabla ajenti hajamaliza kushuka ngazi. Siku 21 zitakuwa zimeliwa na sisi. Yeye atahitaji dakika chache tu.

Kizuizi cha kwanza tutakachokutana nacho ni kulitaja jengo. Wengi wetu hatuna anwani. Tunaishi "pale kwa ile ploti ya kijani nyuma ya kanisa," au katika nyumba inayoitwa kwa jina la mama mwenye nyumba, na jengo la pili linaitwa vivyo hivyo. Faili za kaunti huenda kwa nambari ya kiwanja, za ujenzi kwa nambari ya mradi, za stima kwa nambari ya mita. Afisa asiyetaka kujibu atasema halijui jengo hilo. Kwa hiyo kazi ya mwanzo, kabla ya barua yoyote, ni kutembea mtaa kwa mtaa na kuyapa majengo utambulisho: picha ya mbele, mahali lilipo kwenye ramani, idadi ya orofa zilizosimama leo, nambari ya kiwanja kama inapatikana, na majina yote ambayo wakazi huliita. Ni kazi ya miguu. Itafanywa na watu wanaoujua mtaa, na hakuna wanaoujua mtaa kuliko waliohama humo mara nyingi.

Baada ya hapo tutauliza. Swali letu kubwa kwa kaunti litakuwa hili: jengo hili liliidhinishwa kuwa la orofa ngapi? Tunalitanguliza kwa sababu jibu lake linaweza kulinganishwa na kile ambacho jicho la mtu yeyote linaona. Mhandisi hupiga hesabu ya msingi na nguzo kwa uzito fulani. Mwenye nyumba akiona wapangaji wanazidi kuja, akaongeza orofa mbili juu ya nne zilizokubaliwa, kuta mpya zinaweza kuwa safi na vigae vikang'aa, huku nguzo za chini zikibeba mzigo ambao hakuna aliyeupigia hesabu. Mpangaji wa orofa ya sita hataliona tatizo chumbani mwake. Ataliona kwenye karatasi inayosema nne.

Upande wa mashariki wa jiji kuna jambo jingine. Huko, Embakasi na maeneo yanayopakana nayo, ardhi nyingi ni udongo mweusi wa mfinyanzi, unaofura ukilowa na kusinyaa na kupasuka ukikauka. Ukijengewa juu bila kuchimbuliwa hadi kufikia tabaka gumu, msingi huinuliwa na kushushwa msimu baada ya msimu. Mlango ulioanza kukwama wakati wa masika, ufa unaoanzia pembe ya dirisha na kupanda kwa mshazari, sakafu inayoonekana kuinama, ni dalili ambazo wapangaji huzizoea wakadhani ni uzee wa nyumba. Tutauliza kama udongo ulipimwa kabla ya kuchimba msingi, na nani aliyepima.

Tutauliza pia jina la mhandisi wa nguzo na mihimili, tukalitafute katika orodha ya Bodi ya Wahandisi. Tutauliza kama mradi ulisajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011, na kama iliwahi kuamuru ujenzi usimamishwe. Zege huhitaji siku 28 kufikia nguvu ambayo mhandisi huitegemea katika hesabu zake. Anayekimbizana na riba ya benki huwa na haraka ya kuondoa mbao zinazoshikilia slabu na kupandisha orofa inayofuata. Waliofanya kazi za mjengo wanalijua jambo hili kuliko maprofesa, na tunawataka mafundi na vibarua wa jiji hili waje katika harakati hii wakiwa na ushahidi wao. Wao ndio wanaojua nondo zilizowekwa zilikuwa na unene gani, na ni mifuko mingapi ya saruji iliyopunguzwa.

Halafu kuna cheti ambacho kaunti hutoa ujenzi ukikamilika, kinachoruhusu watu waingie kukaa. Kwa maoni yetu hii ndiyo karatasi ambayo kila mpangaji angepaswa kuionyeshwa sambamba na ufunguo. Jengo lisilo nacho halikupaswa kupokea mpangaji hata mmoja. Tutauliza vilevile kama kikosi cha zimamoto cha kaunti kiliwahi kukagua, maana katika mitaa yetu moto huogopesha kama kuporomoka: majengo ya orofa nane yenye ngazi moja nyembamba, waya za stima zilizoungwa kwa mkono, mitungi ya gesi kila chumba, na madirisha yenye grili isiyofunguka hata kwa ufunguo.

Tunajua majengo mengi tunayokaa yalijengwa chini ya kanuni za 1968. Kanuni mpya za 2024 zilianza kutumika Machi 2025, na tunazikaribisha. Lakini kanuni mpya haziyarekebishi majengo ya zamani. Kwa hayo kinga pekee ya mpangaji ni kujua.

Tutaambiwa jambo hili haliwezekani. Jibu letu liko katika simu ya kila Mkenya. Anayenunua gari la mtumba huingia kwenye mtandao wa serikali, akaandika nambari ya usajili, akalipa ada ndogo, akajua gari ni la nani. Anayenunua kiwanja Nairobi ana Ardhisasa, iliyozinduliwa 2021, ya kupekua hatimiliki. Serikali imeona umuhimu wa kumlinda mwenye pesa za gari na mwenye pesa za ardhi asitapeliwe. Mpangaji hajafikiriwa, ingawa anachoweza kupoteza ni uhai.

Na liko jiji ambalo tayari limeyafanya haya. New York, nchini Marekani, mtu akiwa na anwani tu hutafuta jengo katika rekodi za idara ya nyumba ya jiji, akaona makosa yaliyoandikwa dhidi yake: daraja A kwa yasiyo ya hatari, B kwa ya hatari, C kwa yale yanayohitaji kurekebishwa mara moja. Hatulitaji jiji hilo kama pepo ya wapangaji. Tarehe 9 Januari 2022 hita ya umeme iliwaka moto katika jengo la Twin Parks, mtaa wa Bronx. Milango iliyotakiwa kujifunga yenyewe haikujifunga, moshi ukapanda kwa ngazi, na watu 17 wakafa, wengi wao wenye asili ya Gambia. Rekodi haizimi moto, wala hairekebishi mlango. Tunachokitaka kutoka kwa mfano huo ni kitu kimoja: kwamba tatizo la jengo linaweza kutajwa hadharani kwa anwani yake, na mtu wa kawaida akaliuliza bila kupigwa danadana kutoka ofisi hadi ofisi.

Tutaambiwa pia kwamba faili hizo ni siri za mwenye mali. Sheria ya 2016 inayo mambo inayoyalinda, na tunaiheshimu. Hatutaki kujua mkopo wa mwenye nyumba, wala urithi wake, wala anapolala. Lakini sheria hiyo hiyo inasema habari inaweza kutolewa pale ambapo maslahi ya umma katika kuitoa yanazidi madhara ya kuitoa. Hatuwezi kufikiria maslahi ya umma makubwa kuliko kujua kama dari itakaa juu.

Sasa tuseme lile ambalo wapangaji huliogopa zaidi. Wengi wetu tumeona ufa tukanyamaza. Tulinyamaza kwa sababu tulijua anayeripoti ndiye huadhibiwa kwanza. Mwenye nyumba akijua ni nani, kufuli hubadilishwa. Serikali nayo ikija, huja na alama nyekundu ya X na tingatinga, na familia hutolewa kwa saa chache huku vitu vikinyeshewa barabarani. Dipoziti haionekani tena. Mpangaji anayechagua kati ya hatari iliyo mbali na kulala nje usiku wa leo huchagua paa, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu. Maadamu hali ni hiyo, ukaguzi utakuwa adui wa wanaokaguliwa kwa faida yao.

Kwa hiyo tunadai pamoja na faili: jengo likitangazwa si salama, mwenye nyumba arudishe dipoziti zote na sehemu ya kodi isiyotumika siku hiyo hiyo, wanaotoka wapewe msaada wa kuhama, na aliyeripoti asifukuzwe kwa kuripoti. Tunadai pia Bunge liitazame upya Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, ambayo inawahusu wapangaji wa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Katika mitaa mingi ya jiji kiasi hicho hakipati hata bedsita, na maana yake ni kwamba wengi wetu tuko nje ya ulinzi uliowekwa kwa ajili ya watu kama sisi.

Kwa wenye nyumba tunasema: wako miongoni mwenu waliojenga kwa akiba ya maisha yote, wakafuata ramani, wakamlipa mhandisi, wakangoja cheti. Leo nyumba yao inashindana na ya jirani aliyeruka hatua zote na anayeweza kutoza kodi ya chini. Mpangaji hawezi kuzitofautisha, kwa kuwa rangi ni ile ile. Mwenye nyumba wa namna hiyo akibandika nakala ya vyeti vyake langoni, tutamtaja kwa jina zuri katika kila mtaa tunaofika. Asiyekuwa na vyeti tutamwandikia kwanza kabla ya kutangaza chochote, tumpe nafasi ya kujibu, na jibu lake tutaliweka pamoja na rekodi.

Nasi tunajifunga. Hatutachapisha uvumi. Kila tutakachokiweka wazi kitakuwa na karatasi nyuma yake, au picha yenye tarehe, na tutaeleza ni kipi kati ya hivyo viwili. Pasipo na jibu tutaandika kwamba hakuna jibu, tutaje ofisi iliyoulizwa na siku iliyoulizwa, kwa sababu kimya cha ofisi nacho ni habari ambayo mpangaji anastahili kuijua. Picha ya ufa si ripoti ya mhandisi, na hatutajifanya wahandisi. Tutatafuta wahandisi watakaokuja kutazama. Hatutawataja wapangaji kwa majina wala kwa nambari za vyumba. Hatutapokea pesa kutoka kwa ajenti, kwa mwenye nyumba, wala kwa mwanasiasa anayetafuta kura. Atakayechukua hongo ili aifute rekodi ya jengo ataondolewa, na tutaitangaza sababu.

Wako wenzetu ambao sheria imewaacha nyuma zaidi. Haki ya kupata habari imeandikwa kwa ajili ya raia. Jiji hili lina wakimbizi na wahamiaji kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Ethiopia na Sudan Kusini, wanaolala katika majengo yale yale na kulipa kodi ile ile, mara nyingine zaidi yetu kwa kuwa hawajulikani. Raia wa harakati hii wataomba kwa niaba yao bila kungoja kuombwa. Dari haiulizi pasipoti.

Tunaanzia katika mitaa sita: Huruma, Pipeline, Kware, Tassia, Zimmerman na Githurai. Kila mtaa utakuwa na kundi la watu wasiopungua wanane, wanawake wasipungue nusu, kwa sababu wao ndio wanaokaa muda mrefu zaidi ndani ya nyumba hizi na ndio wanaojua mlango upi umeanza kukwama. Miezi mitatu ya kwanza ni ya kutembea na kuyatambulisha majengo. Mwezi wa nne maombi yatapelekwa kwa kaunti, kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi na kwa wakaguzi wa majengo wa serikali kuu, yote yakiwa kwa Kiswahili, yote yakiwa na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokewa. Jengo ambalo lina ufa unaopanuka, au lililowahi kuwekwa alama, litaombewa chini ya kifungu cha saa 48.

Anayetaka kujiunga aje na mambo matatu: jina ambalo watu huliita jengo lake, idadi ya orofa akihesabu kutoka chini, na picha ya kile kinachomtia wasiwasi, kama kipo. Asiyekuwa na simu ya picha aje tu, mwenzake atampigia picha hiyo. Kwa waliohama miezi ya karibuni tunaomba pia jengo walilotoka, maana chumba walichokiacha tayari kina kibao langoni, na Jumamosi hii kuna mtu atakayepanda kukitazama.